Imbwa ikijikuna: kuangalia kwanza, dawa nyuma

Katika parseli nyingi za Bunia, imbwa njo sentineli. Baba amepanda Mongbwalu, ao Nizi, ao Iga-Barrière kutafuta dhahabu. Anaweza kumaliza wiki mbili, wiki tatu, hata miezi kule. Mama anabaki na watoto. Usiku, wa kwanza kusikia mguu karibu na lupango ni imbwa. Tangu dhahabu ilipoonekana karibu na Kilo mwaka 1903, familia za kwetu zinajua maisha hayo ya baba kuwa mbali na mlango kubaki na ulinzi mdogo.

Kwa hiyo, wakati imbwa inaanza kujikuna mchana na usiku, manyoya inatoka, ngozi inakauka na kuanguka kama unga wa fufu, hilo si jambo la kucheka. Imbwa isiyolala kwa sababu ya kujikuna inakonda. Ikikonda, inakuwa kali kwa watoto ao inalegea kabisa. Na watoto wanaocheza nayo wanaanza kujikuna pia. Hapo njo makelele inaanza ndani ya nyumba: huyu anasema imbwa ifukuzwe, mwingine anasema ipakwe mafuta ya vidanji, mwingine anaenda kutafuta sindano ya ng'ombe.

Sisi tunataka kusema neno moja leo: kujikuna ni alama, si ugonjwa. Ni kama homa kwa mtu. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa tifoidi, na dawa ya moja haiponyeshi ingine. Vile vile imbwa inaweza kujikuna juu ya viroboto, juu ya upele, juu ya kuvu, juu ya chakula kibaya, hata juu ya sabuni tunayoiosha nayo. Mwenye kupakaa dawa bila kuangalia anapoteza feza yake, na mara ingine anaua imbwa yake mwenyewe.

Ule unga mweupe unatoka wapi

Ngozi ya imbwa ni nyembamba kuliko ngozi yetu. Tabaka ya juu ya ngozi ya mtu iko na mistari ya chembe kama 10 mpaka 15. Ya imbwa iko na 3 mpaka 5 tu. Ngozi hiyo inajibadilisha kila wakati: chembe mpya zinazaliwa chini, zinapanda juu, zinakufa na kuanguka. Kwa imbwa yenye afya safari hiyo inachukua karibu siku 21, na zile chembe zinaanguka kidogokidogo bila wewe kuziona.

Wakati kitu kinaisumbua ngozi, safari inaenda mbio. Chembe zinapanda mingi kwa mara moja, zinashikana, zinaanguka kama unga ao magamba. Hiyo njo mba. Kwa hiyo mba si uchafu, na kusugua kwa nguvu na brosi ya nguo hakuiondoi. Kunaongeza vidonda tu.

Angalia fasi inapojikuna

Kabla ya kununua kitu chochote, keti na imbwa yako mchana, fasi yenye mwangaza. Mtu anayezoeana nayo aishike kichwa. Uiangalie kutoka masikio mpaka mkia. Fasi yenyewe inasema mingi.

Kama inajikuna na kujiuma karibu na mkia, juu ya mgongo wa nyuma, fikiri viroboto. Hata kama hauvioni, kuna njia ya kujua. Lowesha kitambaa cheupe, kitandike chini, halafu chanua manyoya ya imbwa juu yake na kitana cha meno madogo. Kama kuna tuchembe tweusi tunaanguka, ngojea kidogo. Udongo unabaki mweusi. Lakini mavi ya kiroboto inageuka nyekundu kama kutu, kwa sababu ni damu ya imbwa iliyoliwa. Jaribio hilo halihitaji feza hata moja. Na ujue kwamba kuna imbwa ambazo ngozi yao haivumilii mate ya kiroboto: viroboto viwili vitatu tu vinatosha kuzifanya zijiume mpaka damu.

Kama inajikuna kwa hasira kwenye ncha za masikio, kwenye viwiko, chini ya kifua na tumbo, na manyoya ya fasi hizo inatoka na kuacha magamba mazito, fikiri upele. Upele unaletwa na tududu tudogo sana ambato macho haiwezi kuona. Tunachimba njia ndani ya ngozi, kama vile wachimbaji wanavyofuata mshipa wa dhahabu, na majike yanaacha mayai mule ndani. Upele unapita mbio kutoka imbwa moja mpaka ingine. Kama jirani ana imbwa inayojikuna hivyo, na imbwa zenu zinalala pamoja kwenye njia, dawa ya imbwa moja peke yake haitatosha.

Kuna upele mwingine ambao unapenda imbwa changa. Manyoya inatoka kandokando ya macho, kwenye mdomo, kwenye miguu ya mbele, lakini mwanzoni imbwa haijikuni sana. Huo hauambukizi watu, wala imbwa zingine kubwa. Mara mingi unatokea kwa sababu mwili wa imbwa hauna nguvu ya kujilinda.

Kama unaona fasi za duara zisizo na manyoya, kubwa kama kizibo cha chupa, zenye magamba kwenye ukingo, fikiri kuvu. Hiyo inapita kwa watu, zaidi kwa watoto, na kwa mtoto pia inatoa duara ya vile vile juu ya kichwa ao mkono.

Kama imbwa inanuka vibaya, ngozi iko na mafuta, masikio yamejaa uchafu wa rangi ya kahawa, na ngozi ya tumbo inakuwa nyeusi na nene, hapo pia kuna kuvu ya aina ingine, na mara mingi kuna ugonjwa mwingine nyuma yake.

Kama inalambalamba miguu na kuchechemea, fungua vidole. Funza inapenda imbwa kama inavyopenda watu. Kama kuna majipu yenye tundu dogo katikati, na ndani kuna kitu kinachotikisika, hiyo ni buu ya inzi, ile ambayo pia inaingia ndani ya ngozi ya watu kupitia nguo zilizoanikwa na hazikupigwa pasi.

Na kama kuna unga mweupe mwembamba kila fasi ya mgongo, imbwa haijikuni sana, haina vidonda, manyoya imekosa kung'aa, basi angalia sahani yake na sabuni yake. Tutarudi hapo.

Vitu ambavyo havipaswi kugusa imbwa

Tuseme wazi, kwa sababu tunaonaka hivi vitu katika kartie zetu na kwenye makare ya dhahabu.

Mafuta ya vidanji ya moto ao ya gari si dawa. Watu wanasema inaua upele kwa kufunika tududu. Lakini mafuta hiyo imebeba vyuma na sumu za motere. Imbwa haivai nguo: kile ulichopakaa juu ya ngozi, itakilamba mpaka kiishe. Ingine inapita kwenye ngozi yenyewe, zaidi kama tayari kuna vidonda. Imbwa inaanza kutapika, kuhara, maini na figo zinaumia. Mazuti, petroli na esansi ni vile vile, na zinaunguza ngozi juu yake. Maji ya batri ni asidi. Usiifikirie hata kidogo.

Dawa ya wadudu ya shamba, ile ya kupuliza kwenye maharagi ao nyanya, inaweza kuua imbwa siku ile ile: mate inatoka mingi, misuli inatetemeka, pumzi inakatika. Inaweza pia kumdhuru mtoto anayekumbatia imbwa hiyo jioni. Na kama nyumbani kuna paka, ujue kwamba dawa zingine za viroboto zenye permetrine, ambazo imbwa inavumilia, zinaua paka.

Kwa nyinyi mnaofanya kazi na zebaki, kuna neno la pekee. Karai iliyokamatia dhahabu na zebaki haioshi imbwa, haipiki, haiogeshi mtoto. Imbwa inayokaa kwenye kare inalala ndani ya matope, inakunywa maji ya bwawa la kuoshea udongo, na kiisha inajilamba. Huko Minamata, Japani, paka zilianza kutetemeka na kuanguka kabla ya ugonjwa kutambuliwa kwa watu, mwaka 1956: zebaki ya kiwanda ilikuwa imeingia ndani ya samaki. Mnyama wa nyumbani anaweza kuonyesha mbele kile kinachokuja kwa watu. Kama imbwa ya kare inatetemeka, inatembea kama mlevi, hiyo si jambo la ngozi tena. Iondoe kule, na muangalie pia maji ambayo nyinyi wenyewe mnatumia.

Sindano ya ng'ombe

Dawa ambayo watu wengi wanataja kwa upele wa imbwa ni ivermektine. Ni dawa ya kweli. Ilitoka kwa kijidudu cha udongo kilichochukuliwa Japani na Satoshi Ōmura, na William Campbell akaonyesha nguvu yake juu ya wadudu wa mifugo. Wote wawili walipata zawadi ya Nobel mwaka 2015. Watu wengi wa Kongo wanaijua kwa jina la Mectizan, vile vidonge vya ugonjwa wa upofu wa mtoni, ambavyo vinatolewa bila malipo tangu mwaka 1987.

Wenye kuvimeza wanakumbuka: kabla ya kukupa vidonge, mgawaji anakusimamisha karibu na kijiti kilichoandikwa alama. Anapima urefu wako. Mfupi anapata kidogo, mrefu anapata zaidi. Kwa nini? Kwa sababu kipimo cha dawa kinafuata ukubwa wa mwili. Kama kwa mtu wanapima, kwa imbwa je?

Chupa ya ivermektine ya ng'ombe, ile ya asilimia 1, iko na miligramu 10 ndani ya mililita 1. Mililita hiyo moja imehesabiwa kwa mnyama wa kilo 50. Imbwa nyingi za kwetu ziko na kilo 10 ao 15. Mwenye kupiga imbwa ya kilo 10 mililita moja nzima ameipa, kwa kila kilo, mara tano ya kile ng'ombe anapata. Makosa ya kidole kimoja juu ya sindano yanatosha. Imbwa iliyopata mingi inapanua macho, inapepesuka, inatoa mate, haioni njia, inaweza kulala na isiamke. Hakuna dawa ingine ya kuondoa sumu hiyo. Kuna pia imbwa, zaidi za ukoo wa imbwa za Ulaya za kuchunga kondoo, ambazo mwili wao hauwezi hata kipimo kidogo.

Kwa hiyo hatusemi ivermektine ni mbaya. Tunasema haipigwi na mtu anayekadiria kwa macho. Imbwa ipimwe kilo kwanza. Njia ni rahisi: panda juu ya bilansi wewe peke yako, soma, kiisha panda na imbwa mikononi, soma tena, toa ya kwanza kwa ya pili. Uende na hesabu hiyo kwa veterineri. Umwambie pia kama imbwa iko na mimba, kama inanyonyesha, kama ni changa, na kama ulishaipaka kitu kingine. Usifiche vidanji: anapaswa kujua. Vile vile kwa amitraze, dawa ya kupe ya ng'ombe ambayo inachanganywa na maji. Ikiwa nzito kuliko inavyofaa, inalaza imbwa na kuiua.

Kitu kingine: mara moja haitoshi. Dawa nyingi za upele zinaua tududu tukubwa, lakini mayai inabaki na kupasuka nyuma. Njo maana veterineri anakuambia urudi, mara mingi kiisha wiki mbili. Wengi wanaona imbwa imepata nafuu, wanaacha, na mwezi haupiti upele unarudi. Wanasema dawa ilikuwa ya bandia. Hapana, kazi ilikatwa katikati. Na msishangae imbwa kuendelea kujikuna siku kadhaa kiisha dawa. Ngozi iliyochokozwa inachukua muda wa kutulia.

Sahani na sabuni

Imbwa nyingi zinakula kile kilichobaki: fufu ya mihogo, maji ya sombe, mifupa. Mihogo inajaza tumbo, lakini haina protini ya kutosha wala mafuta ambayo ngozi inahitaji. Manyoya ya imbwa imejengwa na protini. Kama haipati, manyoya inakuwa kavu na kukatika, na ngozi inatoa unga.

Hauhitaji chakula cha gunia kutoka Uganda. Samaki ndogondogo za ziwa, zile zinazotoka Tchomia na Kasenyi, zilizopondwa kidogo na kuchanganywa ndani ya fufu, zinasaidia sana: ziko na protini na mafuta muzuri kwa ngozi. Yai lililopikwa mara kwa mara. Matumbo na maini ya buchari, lakini zichemshwe muzuri, kwa sababu nyama mbichi inaleta minyoo, na minyoo hiyo inaweza kufika kwa watoto. Kijiko kidogo cha mafuta ya karanga juu ya chakula, si kila siku kikombe. Usipe makayabu, chumvi yake ni mingi. Usipe kitunguu, kinaharibu damu ya imbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama miiba. Maji safi yawepo mchana na usiku.

Ukianza leo, usitafute matokeo kesho. Ngozi inahitaji ile safari yake ya siku 21, na manyoya inachelewa zaidi. Hesabu mwezi mmoja ao miwili.

Juu ya kuosha: sabuni ya nguo, ya unga ao ya kipande, inaondoa mafuta ambayo ngozi inajitengenezea. Mwenye kuosha imbwa kila wiki na sabuni ya nguo ili kuondoa mba anaongeza mba. Imbwa za kwetu ziko na manyoya mafupi na zinajisafisha. Ndugu zao ni zile imbwa za uwindaji za msitu wa Kongo, zile Wazungu wanaita basenji, ambazo zinajilamba kama paka. Hazihitaji kuogeshwa mara mingi. Kama imechafuka, maji safi ya baridi kidogo yanatosha, na sabuni laini ya mtoto, kidogo tu, isiyo na harufu kali. La muhimu ni kuitoa sabuni yote: mimina maji mpaka yasiteleze tena chini ya kidole. Maji ya moto yanaongeza kujikuna. Maji ya baridi, kwa dakika kumi, yanatuliza. Kiisha ikauke vizuri, isilale mvuani.

Na fasi inapolala? Kwa viroboto, imbwa ni meza tu. Nyumba njo kiwanda. Sehemu kubwa ya mayai na watoto wa kiroboto haiko juu ya imbwa, iko ndani ya vumbi, ndani ya gunia la kulalia, kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Ukitia dawa juu ya imbwa bila kugusa fasi hiyo, kiisha wiki mbili viroboto vipya vinapanda. Gunia la zamani lichomwe, ao lichemshwe na kuanikwa kwenye jua. Fagia pembeni kila siku, mwaga maji ya moto ndani ya nyufa, na uchafu wa ufagio uchomwe mbali. Kazi hiyo ni ya wiki kadhaa, si ya siku moja.

Watoto wanajikuna: ni imbwa kweli?

Hapa njo fasi ambapo familia zinakosea zaidi, na kosa hilo linawaumiza watoto.

Mtu anaweza kupata upele wa imbwa, ni kweli. Vipele vidogo vinatoka kwenye mikono, kifua ao tumbo, fasi ambazo ziligusana na mnyama. Lakini tududu twa imbwa hatuwezi kujenga maisha yake juu ya mtu. Imbwa ikitibiwa na kutengwa, mtu anapona ndani ya wiki chache.

Upele wa watu, ule waganga wanaita gale, ni mwingine. Tududu twake tunafanana na twa imbwa, lakini twenyewe ni twa watu. Unapita kutoka mtu kwa mtu, kwa kulala pamoja, kwa kushikana mikono muda mrefu. Unapenda kati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni, kwenye makalio, sehemu za siri, na unawasha zaidi usiku. Kwa mtu anayeupata mara ya kwanza, kuwasha kunaanza kiisha wiki nne mpaka sita. Wakati huo wote anawapa wengine bila kujua.

Sasa hesabu: tangu vita vilivyorudi Djugu mwisho wa mwaka 2017, nyumba nyingi za Bunia zimepokea ndugu, na wengine wanaishi ndani ya makambi kama Kigonze. Watu nane, kumi, katika chumba kimoja. Kwenye makare pia, wachimbaji wanalala wakibanana ndani ya hema moja, na blanketi moja inafunika watatu. Baba anarudi nyumbani na dhahabu kidogo ndani ya mfuko na upele ndani ya ngozi. Kiisha mwezi watoto wanajikuna. Na nani anashtakiwa? Imbwa. Inafukuzwa, inapigwa mawe, pengine inauawa. Watoto wanaendelea kujikuna, vidonda vinaingia uchafu, na vidonda vya ngozi vya namna hiyo vinaweza kufika mpaka kwenye figo za mtoto.

Kwa hiyo, kama kuwasha kumepita wiki tatu, kama kuko kati ya vidole, kama watu wawili ao zaidi ndani ya nyumba wanajikuna usiku, musiishie kwa imbwa. Nendeni kituo cha afya. Muganga akitoa benzoate ya kupakaa ao dawa ingine, watu wote wa nyumba wapakwe siku moja, hata wale wasiojikuna bado, hata baba aliyerudi juzi. Nguo na mashuka zichemshwe ao zifungwe ndani ya mfuko siku kadhaa.

Na kuna kuwasha kwingine ambako hakutoki kwa upele wala kwa imbwa. Watu wanaoishi ao kufanya kazi karibu na mito inayokimbia, kama upande wa Logo kule Mahagi, wanaweza kuwa na ule ugonjwa wa Mectizan. Ngozi inawasha miaka, inakauka, inazeeka mbele ya wakati, na kuna vinundu chini ya ngozi. Huo unatoka kwa tuinzi tweusi twa mtoni. Kuua imbwa yote ya kijiji hakungeuondoa hata kwa mtu mmoja.

Imbwa inayouma

Neno la mwisho la hatari. Imbwa yenye maumivu inaweza kuuma hata mwenye nyumba. Usimwachie mtoto kazi ya kuishika wala kuipaka dawa. Funga mdomo wake na kamba laini ya kitambaa, uiachie nafasi ya kupumua.

Lakini kama imbwa imebadilika ghafla, inauma kila kitu, ama mpole imekuwa kali, inashindwa kumeza, mate inachuruzika, miguu ya nyuma inalegea, usiguse, usitibu ngozi. Inaweza kuwa kichaa. Mtu aliyeumwa ao kukwaruzwa aoshe kidonda mara moja na maji mingi na sabuni, dakika 15 nzima, na aende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo. Kichaa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna kuponya. Kwa hiyo imbwa inayopelekwa kwa veterineri juu ya ngozi, uliza pia juu ya chanjo yake. Ni safari moja.

Tuanzie wapi

Siku baba yuko nyumbani, ao siku ya mungu kiisha misa, fanyeni hivi. Angalieni imbwa mwangani. Fanyeni jaribio la kitambaa cheupe. Ipimeni kilo na muandike. Chomeni gunia la kulalia, muifanyie lingine safi. Wekeni samaki kidogo ndani ya fufu yake. Ongeeni na jirani mwenye imbwa inayojikuna, mtafute veterineri pamoja: safari ya mtu mmoja kwa imbwa tatu inakata bei kwa wote. Kwa wale walio mbali na mji, ulizeni ofisi ya mifugo ya teritwari yenu, Djugu, Irumu, Mambasa, Mahagi ao Aru.

Na angalieni mikono ya watoto, kati ya vidole. Hapo njo mtajua kama kazi ni ya veterineri, ao ya muganga, ao ya wote wawili. Kujua hivyo hakuombi feza. Kunaomba nusu saa ya mchana, na chupa ya vidanji ibaki kule kwenye motere.